Koti jepesi la lineni kazini: bleza, shati-koti au kimono?

Kama unafanya kazi Dar, Tanga, Mombasa au Unguja tatizo lenyewe unalijua, nje jua la Februari linapiga digrii 32 au 33 na unyevunyevu juu yake, afu ukiingia ofisini kiyoyozi kimewekwa 18 na meza yako iko chini yake kabisa mpaka saa kumi jioni. Ukivaa kwa ajili ya nje unatetemeka ndani, ukivaa kwa ajili ya ndani unafika kazini mgongo umelowa. Kinachotakiwa ni kitu chepesi cha juu, cha kuvaa na kuvua, ambacho hata ukiitwa kikaoni ghafla unaingia nacho bila wasiwasi. Watu wengi siku hizi wanakimbilia lineni na mi naungana nao kabisa, ila naona mtu ananunua kwanza afu ndo anaanza kujiuliza avaeje, wakati lineni za juu ziko za aina kadhaa na kila moja ina ofisi yake na mtu wake.

Nalinganisha tatu: bleza ya lineni, shati kubwa la lineni linaloachwa wazi na kuvaliwa kama koti (hapa nitaliita shati-koti), na lile koti refu lisilo na vifungo la kufika magotini au chini zaidi ambalo madukani wanaliita kimono. Kizibao nitakigusa tu. Na kwa kaka zetu kuna Kaunda suti, siwezi kuiruka.

Msimamo wangu nautoa mapema ili ujue nasemea wapi. Lineni itakunjamana, pasi haizuii hilo hata kidogo, na wala mikunjo sio inayomfanya mtu aonekane hajajipanga. Kinachoamua ni bega na urefu. Bega likikaa mahali pake, mikunjo ya kwenye kiwiko na nyuma kiunoni kila mtu anaichukulia kuwa ndo kitambaa kilivyo. Bega likiporomoka, hata uamke saa kumi alfajiri upige pasi, nguo itaonekana ya kushindia nyumbani. Huko chini kote nitakuwa narudi kwenye bega, nivumilie.

Tuanze na kitambaa

Lineni halisi inatokana na mmea wa kitani, ambao kwa wingi unalimwa Ufaransa kaskazini, Ubelgiji na Uholanzi, na sababu ya kuifaa pwani yetu ni jinsi uzi wake unavyonyonya unyevu. Katika hali ya kawaida lineni inabeba unyevu wa kama asilimia 12 ya uzito wake, pamba kama 8, poliesta haifiki hata 1. Kwahiyo jasho linanyonywa, linasambaa kwenye nguo na kukauka, halibaki limeganda mgongoni. Tena uzi wake ni mgumu, hauvutiki, ndo maana nguo inasimama mbali kidogo na ngozi na hewa inapita. Ugumu huo huo ndo mama wa mikunjo, uzi ukishakunjwa haurudi wenyewe ulipokuwa. Ubaridi wake na mikunjo yake ni vitu vya tumbo moja, anayekuuzia lineni na kukuapia haikunjamani anakuuzia kitu kingine.

Madukani na kwenye mitumba utakuta lineni tupu, lineni na pamba, lineni na viskosi, ule uzi laini unaotengenezwa kwa mti (mara nyingi 55 kwa 45), afu kuna poliesta iliyofumwa na vifundo vifundo ifanane na lineni. Hiyo ya mwisho ndo inatesa watu, kwa macho inavutia, haikunjamani, bei nzuri, ila saa saba mchana ukitoka kwenda kula unajuta. Kama una shaka chomoa uzi mmoja kwenye mshono wa ndani ukauchome mahali salama: lineni inaungua kama karatasi, inanuka karatasi iliyoungua na inaacha majivu laini ya kusagika, poliesta inayeyuka, inajikunyata na kuacha kidonge kigumu. Mchanganyiko unakupa vyote viwili, majivu na kidonge.

Ukiwa mitumbani, iwe Karume pale Ilala au Gikomba Nairobi, soma lebo ya ndani, maana nguo nyingi zimetoka Ulaya na wanaandika kwa lugha zao: Mfaransa anaandika lin, Mjerumani Leinen, Mtaliano na Mhispania lino, Mturuki keten. Zote ni kitani hiyo hiyo. Watu wanaziruka koti nzuri kabisa kwa kuwa lebo haisemi linen.

Uzito nao una kazi yake. Lineni ya gramu 120 mpaka 150 kwa mita ya mraba ni ya shati, ya kuanzia 180 mpaka 230 hivi ndo inaweza kushika umbo la bleza. Wauzaji wetu wengi hawakuandikii gramu, kwahiyo fanya hivi: weka kiganja nyuma ya kitambaa kwenye mwanga, ukiona mpaka kucha zako hicho ni cha shati tu, usikubali mtu akikuambia kinatoa bleza. Kitatoa, lakini baada ya wiki mbili mifuko inaning'inia na lapeli, zile kola za kifuani, zinajikunja kama sikio.

Bleza ya lineni

Hii ndo inayobeba heshima kubwa kuliko zote, na ndo ghali kuliko zote, na ndo inayoharibiwa zaidi na washonaji. Faida yake iko wazi, ina kola yenye lapeli, ina bega la kushonwa, ina vifungo, mtu akikuona anaona koti la ofisini hata kabla hajaona kitambaa. Benki, kwa mawakili, ofisi za serikali, kwenye usaili, kwenye kikao cha bodi, bleza inaingia bila kuulizwa maswali.

Tatizo ni ndani yake. Bleza nyingi za dukani zina bitana nzima ya poliesta, sasa hebu fikiria, umelipa pesa ya lineni kwa sababu inapitisha hewa afu ndani yake umewekewa kitambaa kisichopitisha hewa, tena ndicho kinachokugusa. Hapo lineni imebaki ya kuangaliwa tu. Bleza ya pwani inatakiwa iwe haina bitana kabisa, au iwe na bitana nusu, yaani bitana ya mabegani na mgongoni juu pamoja na mikononi, tena ya viskosi. Ile ya mikononi mi naitetea sana, manake lineni ikikutana na mkono wa blauzi ya pamba inakwama, unavaa koti huku mkono wa blauzi umepanda mpaka kwenye kiwiko, ukiwa mbele ya watu unaanza kuchokonoa. Bitana ya mikononi inateleza tu, umemaliza.

Kwenye bleza isiyo na bitana angalia mishono ya ndani, kwa sababu ukiivua na kuitundika kila mtu ataiona. Mishono ikiwa imefungwa kwa baiasi (utepe wa kitambaa kilichokatwa mshazari) inakaa muda mrefu na inapendeza, ovaloki ya kawaida inatosha kama imepigwa vizuri, ila lineni iliyoachwa hivi hivi inachanika nyuzi haraka sana kuliko pamba. Pedi za mabega ziwe nyembamba mno au zisiwepo. Pedi nene juu ya lineni inaleta ubishi wa ajabu, chini nguo imelegea juu imesimama, na baada ya kufuliwa mara kadhaa pedi inajikunja na bega linakuwa na kilima.

Kwa bega lenyewe: mshono ukomee pale mfupa wa bega unapoishia. Kwa koti la sufu au poliesta ukizidi sentimita mbili pedi inakusaidia kuficha, kwa lineni hakuna wa kukusaidia, kitambaa kinaanguka moja kwa moja na mkono mzima unaonekana umeazima koti la mtu. Bleza ikikubana kiunoni au ikikuzidi kiunoni fundi anarekebisha kwa saa moja, lakini bega ni kulibomoa koti lote, mafundi wengi watakukatalia na wana haki. Kwahiyo mitumbani chagua kwa bega, vingine vyote vitafuata.

Kuna jambo moja linaipunguzia bleza alama, nalo ni usafiri. Kama unapanda mwendokasi asubuhi kutoka Kimara unasimama umebanwa pande zote, bleza ya lineni ukiivaa humo inafika Kivukoni imechoka. Itabidi uibebe mkononi. Na kuibeba kuna namna, geuza bega moja ndani nje, chomeka la pili ndani yake, ikunje kwa urefu bitana ikiwa nje, afu ilaze juu ya mkoba. Ukifika itundike kwenye henga yenye mabega mapana, usiivike kiti, mgongo wa kiti unaitoa vibonge viwili mabegani ambavyo havitoki mpaka upige pasi na maji.

Shati-koti

Kwa watu wengi, na hapa nasemea mtu wa ofisi ya kawaida, NGO, chuo, kampuni ya mambo ya programu, ofisi ya mauzo, media, hata shule, hili ndo chaguo langu la kwanza. Na hata kwa wengine wa ofisi za suti ningeliweka droo ya pili. Ni shati la lineni lenye kola, la mikono mirefu, pana kidogo kuliko shati lako la kawaida, linavaliwa wazi juu ya topu ya kushika mwili au gauni lisilo na mikono. Halina bitana wala pedi, unalifua nyumbani, likikunjamana hakuna anayeshangaa kwa sababu ni shati. Linakunjwa likaingia kwenye mkoba wa kompyuta. Kiyoyozi kikizidi unafunga vifungo viwili vya kati, ukitoka nje unakunja mikono mpaka chini ya kiwiko, ukipanda bodaboda linakukinga jua mikononi. Bleza haifanyi yote hayo.

Sasa ndo hapa bega na urefu vinapoleta kesi. Mashati mengi ya lineni ya kileo yanashonwa bega limeanguka makusudi, mshono unakuja kukaa nusu ya mkono. Kwa ufukweni Kigamboni ni zuri sana. Kwa ofisini linakutoa kwenye mstari, hasa kama una umbo dogo, linakumeza. Tafuta ambalo mshono wake hauzidi sentimita moja au mbili kupita mfupa wa bega, upana uupate kwenye kifua na mgongo. Mgongoni liwe na pileti, ule mkunjo wa kushonwa wa katikati chini ya kola, inakupa nafasi ya kunyoosha mikono kwenye kibodi bila shati kuvutika. Urefu uishie pale kiganja kinapoanza mkono ukiwa umening'inia, yaani katikati ya nyonga. Likishuka zaidi ya hapo na una suruali pana linakufupisha, likipanda juu ya nyonga halifanyi kazi ya koti tena, limekuwa shati ulilosahau kufunga.

Pindo nalo, watu hawaliangalii. Pindo la mviringo lenye mikia mbele na nyuma linasema hili ni shati la kuchomekea, pindo lililonyooka lenye mkato mdogo pembeni linasema hili ni la juu. Kwa ofisi chukua lililonyooka. Kama umepata mitumba nzuri yenye pindo la mviringo fundi analikata na kulinyoosha kwa pesa ndogo sana, mi naona hiyo ni pesa nzuri kuliko zote utakazotumia kwenye nguo hiyo.

Kola iwe na gamu ndani, kile kitambaa kigumu cha kubandika. Kola isiyo na gamu inalala baada ya saa mbili na shati linakuwa la kulalia. Ukitaka liwe rasmi zaidi badilisha vifungo, toa vile vyeupe vya plastiki vinavyong'aa uweke vya rangi ya kitambaa au vya kifuu cha nazi, koti linapanda daraja hapo hapo.

Ukiniuliza linapungukiwa nini, halina mamlaka. Kwenye kikao ambacho wengine wote wamevaa suti utaonekana umekuja kusaidia, hujaja kuamua. Inauma kuisema lakini ndivyo vyumba vingi vilivyo, hasa kwa wadada wadogo ambao tayari wanakatizwa wakiongea. Siku ya kikao cha namna hiyo vaa bleza.

Kimono, koti refu

Hili ni la kina dada na lina watu wake wanaolipenda sana, na mi nalipenda pia, ila kwa masharti. Linatembea na mwili, linampa mtu urefu, na kwa anayevaa hijabu au anayependa nguo isishike nyonga linatatua mambo mawili kwa mpigo, linastiri na halichomi. Unguja na Mombasa utakuta wadada wa ofisini wanalivaa juu ya suruali na blauzi ndefu na wamependeza kuliko mtu wa bleza.

Kwenye kimono lineni tupu haiko peke yake mbele. Lineni na viskosi inashuka vizuri zaidi, haisimami pembeni kama kadibodi, na mikunjo yake ni laini. Kasoro ya viskosi ni kwamba ikilowa inapoteza nguvu, wakati lineni ikilowa ndo inakuwa imara zaidi, kwahiyo usiikamue kwa kuisokota, ibinye ndani ya taulo.

Masharti yenyewe: moja, bega, hapa ndo linapotea zaidi manake kimono nyingi zinakatwa hazina mshono wa bega kabisa, mkono na mwili ni kitambaa kimoja. Kwa ofisi nashauri ishonwe na bega la kawaida na kola ndogo au ukanda wa shingoni wenye gamu, hapo inatoka kwenye nguo ya mapumziko inaingia kwenye koti. Pili, mikono isiwe mipana ya kuchovya kwenye chai. Tatu, urefu, liishie chini kidogo ya goti au katikati ya muundi, lile la kuburuza kwenye vifundo linaingia kwenye magurudumu ya kiti, linaokota vumbi la ngazi, na ukipanda bodaboda ni hatari ya kweli, linaingia kwenye mnyororo au spoku. Na ukikaa, tenganisha mikia ya nyuma pembeni, usiikalie, vinginevyo ukisimama una ramani nyuma.

Kwa ofisi za serikali Tanzania kuna waraka wa mavazi wa mwaka 2007 unaokataza nguo za kubana, fupi na zinazoonesha maungo. Kimono lineni yenyewe haina shida na hilo, shida inaletwa na lineni nyepesi ya rangi nyeupe au krimu ambayo dirishani inaangaza, watu wanaona kila kilichopo chini. Ijaribu nyumbani mchana, simama mlangoni jua likiwa nyuma yako, mwambie mtu akuangalie.

Kizibao cha lineni: kinapendeza, kinakaa vizuri juu ya shati la pamba au gauni la kitenge lenye mikono, ila hakina mikono, na mtu wa kiyoyozi cha 18 baridi anaipata mikononi. Kichukue kama pambo.

Kwa kaka zetu

Bleza na shati-koti yote niliyosema yanawahusu, bega ni lile lile, ila nyinyi mna njia nyingine ambayo imekuwepo muda mrefu, Kaunda suti, iliyochukua jina la Kenneth Kaunda wa Zambia. Koti lenye mifuko ya mbele, mara nyingi la mikono mifupi, linavaliwa bila shati wala tai, likishonwa kwa lineni ya gramu 200 hivi ni vazi la busara sana kwa joto letu. Rais Ruto ameirudisha kwa nguvu Kenya. Lakini jua unakwenda wapi, maana Novemba 2023 Spika Wetang'ula aliipiga marufuku ndani ya Bunge la Kenya, kwahiyo kuna milango inayodai koti na tai hadi leo. Kwa Tanzania Kaunda suti ya nusu mkono ofisini inaheshimika, mzee yeyote atakuelewa.

Ukilinganisha na bleza, Kaunda ina tatizo moja, huwezi kuivua. Bleza ikikuchosha unabaki na shati, Kaunda ndo hiyo hiyo mpaka nyumbani. Kama kazi yako ni ya kutoka na kuingia, leo site kesho wizarani, bleza isiyo na bitana juu ya shati la pamba inakupa nafasi zaidi.

Chini yake na rangi

Naomba hili ulishike kuliko mengine: lineni iwe moja. Juu lineni, chini kitambaa kingine kilichonyooka, suruali ya kitambaa cha sufu nyepesi, pamba nzito, au sketi ya krepu. Suti nzima ya lineni asubuhi ni picha, saa nane mchana mapajani kuna mikunjo, magotini kuna vifuko, mgongoni kuna mikunjo, na hapo hata bega zuri linashindwa kuokoa. Suruali iliyonyooka inaifanya mikunjo ya juu ionekane umeichagua.

Ndani vaa kitu laini kisicho na mambo mengi. Topu ya viskosi, singlendi nzuri ya pamba, blauzi ya satini kama unataka kung'aa kidogo, ule mng'ao ukikaa na ukavu wa lineni unapendeza mno. Ijumaa ya kitenge, lineni ya rangi moja juu ya gauni la kitenge ni mavazi ya kufika nayo popote, chukua rangi moja iliyofifia ndani ya kitenge hicho ndo iwe ya koti.

Rangi ya mchanga na ya udongo mwepesi zinaficha mikunjo na zinaenda na bluu iliyokolea, nyeusi, kijani cha zeituni, hata damu ya mzee. Kijivu cha kati ni kigumu kwa mtu wa jasho, kikilowa kinabadilika rangi na kila mtu anaona. Nyeusi na bluu iliyokolea zinafaa bleza, ila lineni nyeusi inapauka kwenye mikunjo na pindo, ukiianika juani na kuipiga pasi upande wa nje unaiharakishia uzee. Nyeupe nimeshaisema, inaangaza.

Viatu: moka, viatu vilivyofungwa vidole, au mchuchumio mfupi vinaishika lineni iwe ya kazini. Ndala za ngozi na shati-koti ni Jumamosi. Raba nyeupe safi zinakubalika ofisi za vijana, kwa bleza zinakubalika, kwa kimono hapana, ukichanganya hivyo vyote unaonekana uko safarini.

Nani achukue nini

Ofisi ya benki, sheria, wizara, bima, wewe ni bleza ya bitana nusu, lineni na pamba au lineni tupu nzito, rangi ya bluu iliyokolea au mchanga. Anayebadilisha magari mawili kufika kazini na ofisi yao haina ukali, shati-koti, tena ningesema anunue mawili kabla ya kufikiria bleza moja. Anayevaa hijabu au anayetaka nafasi, kimono yenye bega la kushonwa. Mwalimu, shati-koti, manake vumbi la chaki linafulika na mikono inakunjwa. Mtu wa Nairobi, mji ule uko juu kama mita 1,800 na Julai asubuhi baridi ni ya kweli, lineni kwake ni ya Januari na Februari mchana, achukue bleza yenye bitana nusu ambayo inaweza kuvaliwa juu ya sweta jembamba, shati-koti peke yake litamtesa. Na anayepanda treni ya SGR kwenda Dodoma kwa kikao, kule ni kukavu na kuna upepo, Juni na Julai asubuhi kunauma, beba bleza mkononi ndani ya treni na uvae ukishuka.

Kununua au kushonesha

Mitumba inashinda kwenye bleza, kwa sababu bleza nzuri ya lineni ina kazi ya ndani ambayo fundi wa mtaani anaweza asiwe nayo, na bega ukilipata sawa umeokoa pesa nyingi. Kushonesha kunashinda kwenye shati-koti na kimono. Kitambaa chenye upana wa mita moja na nusu, shati-koti inataka kama mita mbili mpaka mbili na nusu, kimono karibu mita tatu kutegemea urefu wako.

Kabla hujampelekea fundi kitambaa, kiloweke na kukianika nyumbani. Lineni ambayo haijafuliwa inarudi, inaweza kurudi sentimita nne mpaka kumi kwa kila mita, na ikirudia kwenye nguo iliyoshonwa mikono inakuwa mifupi na pindo linapanda. Fundi wengi hawataki kungoja hilo, kwahiyo lifanye mwenyewe. Kufua ni maji ya kawaida au ya vuguvugu, sabuni ya kawaida, anika kivulini kwenye henga ukiivuta vuta kola na pindo kwa mkono ingali mbichi. Pasi piga ikiwa na unyevu bado, moto mkali, upande wa ndani, afu itundike dakika kumi ikauke kabisa kabla hujaivaa, lineni ukiivaa ina joto na unyevu wa pasi inashika mikunjo ya kwenye gari kwa siku nzima. Ukimpa dobi mwambie asiweke wanga mwingi na asiichonge mstari mkali mahali pale pale kila wiki, uzi wa kitani ukikunjwa sehemu moja mara nyingi unakatika hapo hapo. Ya viskosi ipunguzie moto.

Ukifika kwa fundi usimwambie tu nishonee koti la lineni. Mpe shati au koti lako ambalo bega linakukaa vizuri apimie hapo, mwambie bega lisizidi mfupa kwa zaidi ya sentimita moja au mbili, gamu nyepesi iwe kwenye kola na kwenye ukanda wa vifungo, ovaloki ndani au baiasi kama anajua, pindo linyooke lenye mkato wa vidole vinne kila upande, mkono uishie kwenye mfupa wa kifundo cha mkono na cuff yake, ule ukanda wa mwisho wa mkono, iwe pana ili ukiikunja isibane. Mifuko, miwili ya chini inatosha na ishonewe kipande cha gamu nyuma yake, kwa sababu utaweka simu humo hata ukisema hutaweka. Ya kifuani mwambie aache.